Mtaro usichimbwe Kyarumba kabla ya kujua kilicho chini

Mfanyabiashara anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi anaijua vyema siku ya "mtandao hakuna". Wakala wa forodha ameketi mbele ya kompyuta na tamko la mzigo halipiti. Malori yamejipanga kurudi nyuma kuelekea Bwera. Mama mwenye magunia mawili ya samaki wakavu, ambaye mzigo wake haufiki dola 2,000 na ambaye kwa taratibu rahisi za biashara ndogo za Jumuiya alipaswa kuvuka bila usumbufu, naye amekwama, kwa kuwa fedha zake ziko kwenye simu na simu haitoi. Ikiwa ni Jumanne au Ijumaa, siku za soko, hasara huwa kubwa zaidi. Mteja wa upande wa pili hasubiri, na samaki wa jioni hana bei ya samaki wa asubuhi.

Siku kama hiyo lawama huenda kwa forodha, kisha kwa kampuni za simu, kisha kwa serikali zote mbili. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama kuna aliyekuwa akichimba mtaro mahali fulani njiani, pengine Kikorongo, pengine Kinyamaseke, pengine katikati ya mji wa Bwera. Hata hivyo nchini Uganda kazi za barabara ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara za kukatika kwa nyaya za fiba. Jino moja la katapila linatosha, na hata sururu ya kibarua inatosha. Waya wenyewe si mnene kuliko kidole gumba, na ndani yake nyuzi za kioo ni nyembamba kama unywele.

Kyarumba ni mahali pazuri pa kuitazama hatari hii, kwa sababu pana kila kitu kinachoikuza. Mji huo umo kwenye vilima vya chini vya Rwenzori, katika bonde la mto Nyamugasani. Ni mji wa kahawa ya arabika, na chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kina makao yake hapo. Wakulima wa milimani hushuka na kahawa yao, nao wachuuzi hupanda na sabuni, chumvi ya Katwe, vitenge na mabati. Barabara ya kutoka Kinyamaseke kupitia Kisinga hadi Kyarumba imedaiwa lami na wakazi kwa muda mrefu. Wilaya hii ya milima hutegemea sana maji ya kuteremka yenyewe: chemchemi inazibwa juu mlimani, maji yanaingia kwenye bomba, na bomba linateremka vijijini likifuata njia ileile wanayofuata watu. Kijiji kikikua, bomba la pili huzikwa kando ya lile la kwanza, kisha la tatu.

Katika nchi tambarare barabara huwa na nafasi pande zote mbili. Bukonzo haina anasa hiyo. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni mto au shamba la mtu, na katikati ni ukanda mwembamba ambamo barabara, mfereji wa maji ya mvua, bomba, nguzo ya umeme na waya wa simu vyote vinagombea mahali. Anayekuja na katapila kupanua barabara hana namna ya kukwepa ukanda huo. Atachimba palepale ambapo wenzake walizika.

Na hapo ndipo linapokuja swali la vifaa. Kuna mashine za kielektroniki zinazoweza kumwambia fundi, kabla hajagusa udongo, kwamba chini ya mguu wake kuna waya au bomba la chuma, limeelekea wapi, na liko kina gani. Si mashine za kutisha, wala hazihitaji shahada. Seti ya kawaida ina sehemu mbili: kisanduku kinachotuma mawimbi, na fimbo inayoyapokea. Bei yake ni dola elfu kadhaa, kiasi ambacho mkandarasi wa barabara hulipia matengenezo ya katapila moja bila kuguna.

Namna inavyofanya kazi inafaa kueleweka na mtu yeyote anayeishi kando ya barabara inayochimbwa, ili ajue kama fundi aliye mbele yake anafanya kazi au anaigiza. Umeme unapopita ndani ya waya, huzunguka waya huo kwa uga wa sumaku. Uga huo haujali udongo, hupenya na kutokeza juu. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo kwa mpigo wa mara 50 kwa sekunde, na fimbo ikiwekwa kusikiliza mpigo huo huanza kulia inapokaribia waya wenye umeme unaotumika. Fimbo ina njia nyingine ya kusikiliza: mawimbi marefu ya redio kutoka vituo vya mbali huingia ardhini na kukimbia kwenye bomba au waya mrefu wa chuma, na fimbo huyanasa humo. Kwa njia hizi mbili fundi hahitaji kisanduku. Anatembea tu na fimbo.

Lakini kusikiliza tu hakutoshi. Waya wa umeme ambao hakuna anayeutumia saa hiyo huwa kimya, na kimya hicho ndicho kinachoua. Fundi mzuri kwa hiyo hutumia pia kisanduku. Kama kuna koki ya chuma au vali inayoonekana, hufunga klipu moja hapo, na klipu ya pili kwenye kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini pembeni na kumwagiwa maji kidogo ili kishike. Kisanduku hutuma ishara yake maalumu, kwa mfano ya mitetemo 33,000 kwa sekunde, na ishara hiyo hukimbia ndani ya bomba. Sasa fimbo haikisii tena, inafuata sauti ya kitu kimoja kinachojulikana. Pale ambapo hapana pa kufunga klipu, kisanduku huwekwa juu ya ardhi na kuambukiza ishara kwa sumaku, njia ambayo ni rahisi ila si ya kuaminika sana, maana huambukiza kila chuma kilicho karibu.

Kina hupimwa kwa sababu fimbo ina antena mbili, moja chini na moja juu zaidi. Kwa kulinganisha nguvu ya ishara katika antena hizo mbili, mashine hukadiria umbali hadi kwenye waya. Neno ni "hukadiria". Mahali penye nyaya mbili zinazokwenda sambamba, ishara ya mmoja huruka kwa mwingine, na kina kinachosomwa kinaweza kuwa uongo mtupu. Ndiyo maana taratibu zote za kazi hii, popote duniani, humalizikia kwenye kitu cha kale kabisa: shimo dogo la majaribio linalochimbwa kwa mkono, taratibu, mpaka waya uonekane kwa macho. Katapila huruhusiwa baada ya hapo.

Jambo jingine dogo ambalo mwenye duka kando ya barabara anaweza kuliangalia akiwa amekaa kibarazani: fimbo hushikwa wima na kupitishwa polepole, huku fundi akitembea mistari ya kwenda na kurudi, kisha mistari ya kukatiza. Fundi anayeipeperusha huku na huko kama fyekeo anapoteza muda wake na wa mkandarasi, na kesho atakata bomba.

Yote haya ni mazuri, na kama mabomba ya Bukonzo yangekuwa ya chuma, shauri lingekuwa kununua mashine na kuanza kazi. Tatizo ni kwamba mengi si ya chuma. Miradi ya maji ya miongo ya karibuni imetumia plastiki, na kwa haki: plastiki haishiki kutu, ni nyepesi kubebwa mlimani kwa kichwa, na hukunjika kufuata mkondo wa bonde. Fiba nayo ni kioo ndani ya plastiki. Ikiwa haikuvikwa ala ya chuma, hakuna umeme ndani yake wala chuma cha kubeba ishara. Fimbo inapita juu ya vitu hivi viwili na kunyamaza kabisa, na fundi asiyejua huandika kwenye daftari lake kwamba hapana kitu.

Kisa cha mwaka 1881 nchini Marekani kinafaa kukumbukwa hapa, ingawa kinatoka mbali na mitaro. Rais James Garfield alikuwa amepigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo chake cha umeme ili kutafuta risasi ndani ya mwili wa mgonjwa. Ni babu wa mashine hizi zinazozungumziwa. Chombo kilikuwa kizima, lakini mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, na tena daktari mkuu aliruhusu upande mmoja tu wa mwili kupimwa. Risasi haikupatikana, na Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Chombo hujibu kile kilichopo na kile kinachoulizwa tu.

Kuna rada ya ardhini pia, inayosukumwa kama kigari na kupiga mwangwi kutoka kwa chochote kilicho tofauti na udongo unaokizunguka, plastiki ikiwemo. Huko Ulaya imekuwa kawaida. Bukonzo itasaidia mahali fulani na kushindwa mahali pengine, kwa kuwa mawimbi ya rada humezwa haraka na udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, na katika ardhi iliyojaa mawe ya mto kila jiwe hutoa mwangwi wake. Bei yake nayo ni ya juu, na kuisoma picha yake kunahitaji mtu aliyefunzwa hasa. Baraza la mji lisidanganywe kwamba rada moja itamaliza mambo.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta bomba la plastiki hufanyika siku ya kulizika, au haifanyiki kamwe. Siku hiyo, mtaro ukiwa bado wazi, waya mwembamba wa shaba uliofunikwa plastiki hulazwa juu ya bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha zake hutokezwa kwenye chemba au nguzo ya zege mahali fundi wa kesho atakapoweza kufunga klipu yake. Bomba linabaki plastiki, lakini sasa lina sauti. Juu kidogo, kabla udongo haujajaa, hutandazwa utepe wa tahadhari wenye rangi, ili sururu ikutane na utepe kabla ya kukutana na bomba. Kwa vituo muhimu, kama penye vali au maungio, huzikwa vibonge vidogo vya plastiki visivyohitaji betri, ambavyo fimbo ya aina yake ikiviita huvijibisha hata baada ya miaka mingi. Halafu anachukuliwa kijana mwenye simu yenye GPS, anatembea juu ya mtaro kabla haujafukiwa, na alama zake zinaingizwa kwenye ramani.

Gharama ya waya huo ni sehemu ndogo mno ya gharama ya bomba na kibarua cha kuchimba. Ila ni gharama ambayo mkandarasi anaweza kuikwepa bila mtu kujua, kwani ikishafukiwa haionekani. Hapa ndipo mkaguzi wa wilaya anapopaswa kuamka. Kazi ya bomba isipokelewe, na fungu la mwisho lisilipwe, mpaka fundi asiye wa mkandarasi afunge kisanduku kwenye ncha ya waya na fimbo ifuate bomba lote hadi mwisho. Kipimo hicho ni cha asubuhi moja. Mkandarasi aliyelaza waya hana sababu ya kukiogopa.

Kwa fiba kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara hawaambiwi. Waya wa fiba ukikatika, mafundi hutuma mwanga ndani ya uzi kutoka kituoni na kupima muda unaotumia kurudi, na kwa hesabu hiyo hujua ufa uko umbali gani. Njia hiyo hufanya kazi hata baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kaskazini mwa Durban, na nchi nyingi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo, zikabaki na mtandao wa kukokota. Mahali pa hitilafu chini ya bahari palijulikana kwa vipimo vya kutoka nchi kavu kabla meli ya matengenezo haijafika. Basi inakuwaje ufa wa kando ya barabara, ambao mtu anaweza kuufikia kwa bodaboda, uchukue saa nyingi kupatikana? Jibu ni kwamba mwanga hupima urefu wa kioo, na urefu wa kioo si urefu wa barabara. Kila kwenye chemba waya huachiwa mzunguko wa akiba. Hupinda kufuata kalvati na kukata kona. Kifaa kikisema kilomita 11 na mita 240, bila ramani nzuri fundi anaweza kusimama mita mia kadhaa mbali na penyewe na kuanza kuchimba upya, huku malori yakiwa Mpondwe. Muda anaoupoteza ni muda wa mtu mwingine.

Wale wanaosema wazee wa kijiji wanajua kila bomba lilipo wanasema kweli, kwa kiasi. Katika kijiji chochote cha Bukonzo kuna mzee aliyeshika jembe siku bomba lilipozikwa, na mkandarasi asiyemuuliza ni mjinga. Lakini mto haukumuuliza mzee. Mei 2020 mito ya Kasese, yaani Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, ilivunja kingo na kuleta mawe, magogo na matope hadi kwenye makazi. Mto ukishafanya hivyo, bomba lililozikwa mita moja linaweza kuwa limebaki wazi juani, au limefunikwa na mawe ya mita mbili, au limesukumwa pembeni kabisa na mstari wake. Ramani ya kabla ya gharika na kumbukumbu ya mzee vyote viwili vinahitaji kuangaliwa upya kwa fimbo. Na maporomoko ya milimani hufanya kazi hiyohiyo kidogokidogo, kila msimu wa mvua.

Nani hulipa mambo yanapoharibika? Kama waya wa kampuni umekatwa, kampuni humdai mkandarasi. Kama bomba la mradi limekatwa, kamati ya maji hupiga kelele mpaka lirekebishwe. Mwenye kituo cha kuosha kahawa, ambaye kahawa yake mbivu haiwezi kusubiri maji mpaka kesho bila kuharibika ladha, hayumo katika hesabu ya fidia. Wala mama wa samaki hayumo, wala dereva anayelipa chakula na kulala kwa siku asiyoitarajia. Hasara yao ni ndogo kwa mmoja mmoja na hakuna anayeijumlisha. Ndiyo sababu mkandarasi anayepiga hesabu zake kwa makini anaweza kuona nafuu kukata na kutengeneza kuliko kutafuta kwanza. Hesabu hiyo itabadilika tu ikiwa mkataba utambadilishia.

Uganda ilikaza mwaka 2022 adhabu za watu wanaohujumu miundombinu ya umeme, na ilikuwa sawa. Mwizi wa nyaya anajulikana kuwa adui. Dereva wa katapila hana nia ya wizi, na kwa hiyo hakuna anayemfikiria, ingawa kwa aliyekwama mpakani matokeo ni yaleyale. Nyaya nyingi za umeme Kasese hupita hewani, ni kweli, na hilo limewaokoa vibarua wengi. Lakini jinsi vituo vya mpakani, masoko na maghala yanavyojengwa, ndivyo nyaya zenye nguvu zinavyozidi kuingia ardhini. Kibarua anayepiga sururu kwenye waya wa namna hiyo hapati nafasi ya kueleza alichokuwa akifanya.

Nchi nyingine zilijifunza kwa gharama. Huko Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi lililokuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi wiki kadhaa nyuma lilipasuka na kuua watu 24. Bomba halikupasuka siku lilipoguswa, na ndiyo sababu hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Marekani tangu 2007 ina namba moja ya simu, 811, kwa nchi nzima: anayetaka kuchimba, hata kama ni kupanda mti nyuma ya nyumba, hupiga siku chache kabla, na wenye nyaya na mabomba huja kupaka rangi juu ya ardhi, nyekundu kwa umeme, buluu kwa maji, rangi ya chungwa kwa simu. Kasese haihitaji kungoja mfumo mkubwa kama huo. Inaweza kuanza na daftari moja ofisini kwa mhandisi wa wilaya, seti moja ya fimbo na kisanduku inayokodishwa kwa wakandarasi wadogo wasioweza kununua yao, na mafundi bomba wawili au watatu waliofunzwa kuitumia, mmoja wao akiwa Bwera.

Kibali cha kuchimba kando ya barabara tayari ni jambo la kisheria. Kinachotakiwa ni kuongeza masharti ndani yake: kwamba eneo limepimwa kwa fimbo, kwamba mashimo ya mkono yamechimbwa penye ishara, na kwamba mwenye kuchimba ataacha ramani ya alichokuta na alichokizika. Sharti la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kila mtaro unaofunguliwa ni nafasi ya bure ya kuona kilicho chini, na mpaka sasa mitaro hufukiwa bila mtu kuandika alichokiona.

Mambo haya hayaishii kwenye daraja la Lhubiriha. Juni 2021 Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 upande wa Kongo, zikiwemo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Kongo ikaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa lugha moja, na wanauziana kila siku ya Mungu. Barabara iliyojengwa vizuri itavuta nyaya na mabomba nyuma yake, kama ilivyo kawaida ya barabara. Lakini ikiwa mwenye fiba Kasindi hajui kilichozikwa Mpondwe, na mhandisi wa Bwera hana ramani ya mita mia za kwanza ng'ambo ya mto, kila matengenezo ya upande mmoja yatakuwa kamari kwa upande wa pili. Vikao vya mpakani ambavyo maofisa wa pande mbili hukutana kuzungumzia usalama na forodha vinaweza kuongezewa ajenda hii bila gharama yoyote.

Inapendeza, na inakera kidogo, kuona kwamba Jumuiya inajua kabisa namna ya kuzika bomba linapokuwa la thamani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linalazwa ardhini pamoja na waya wa fiba kandokando yake, ili bomba liangaliwe kwa urefu wake wote. Bomba la maji la Kyarumba halihitaji ulinzi wa namna hiyo. Uzi mmoja wa shaba unalitosha.

Wako watakaosema kwamba masharti yatachelewesha lami ambayo watu wa Kisinga na Kyarumba wameingoja vya kutosha. Hofu yao inaeleweka. Lakini kupima kilomita moja ya ukanda wa barabara kwa fimbo ni kazi inayohesabiwa kwa siku, tena hufanyika mbele ya katapila wakati katapila liko kwingine. Kinachochelewesha barabara ni bomba kuu likatwe katikati ya msimu wa kahawa, maji yajae kwenye mtaro, tuta lililoshindiliwa jana liloe, na kamati ya maji na mkandarasi waandikiane barua kwa mwezi mzima kuhusu nani anunue bomba jipya.

Wilaya huitisha kikao cha bajeti kila mwaka, na vyama vya wafanyabiashara wa Bwera na Mpondwe hualikwa au hujialika. Kwa kawaida huenda na maombi ya vyoo vya soko, taa na ushuru nafuu, na maombi hayo yana haki yake. Safari hii waongeze moja: seti ya vifaa vya kutafuta nyaya na mabomba katika idara ya ujenzi ya wilaya, na kifungu cha waya wa utambuzi katika kila mkataba wa maji utakaotiwa saini kuanzia mwaka ujao wa fedha. Wawaulize pia wahandisi swali moja mbele ya watu wote: mtaro wa mwisho uliofukiwa kati ya Kinyamaseke na Kyarumba, ramani yake iko wapi?